Demani Haifungwi: Kamba za Tanga na Mtu Aliye Peke Yake Chomboni

Mtu akisimama ufuoni Jambiani, au Bwejuu, au penginepo upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, asubuhi maji yanapoanza kupwa, ataona ngalawa zikitoka moja moja na kuvuka maji ya ndani kuelekea mwambani. Nyingi zina watu wawili au watatu. Lakini akitazama vema ataona pia ngalawa iliyochukua mtu mmoja tu, mara nyingi mtu mzima aliyekwisha zoea, ameketi tezi, mkono mmoja umeshika kana la usukani na mkono wa pili umeshika kamba. Mtu huyo ndiye nahodha, ndiye serahangi, ndiye baharia, ndiye mkumba maji. Kazi ambazo katika jahazi hugawanywa kwa watu kumi, yeye huzifanya kwa mikono miwili na mguu.

Nia ya maelezo haya ni kueleza jinsi anavyoweza, na kuyaeleza maneno ayatumiayo. Mambo hayo mawili hayatengani. Mwalimu afundishaye watoto wa pwani, na kila mtu atakaye kuijua lugha ya Kiswahili kwa mizizi yake, hana budi kufahamu kwamba maneno ya tanga hayakubuniwa kwa kupamba mazungumzo. Kila moja limewekwa mahali pake ili mtu asikosee wakati ambapo hakuna nafasi ya kuuliza.

CHOMBO NA VIFAA VYAKE

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi gogo la mwembe, uliochongwa mwembamba hata usingeweza kusimama chini ya tanga kwa nguvu zake wenyewe. Kwa hiyo hufungiwa miti miwili ya kukingama, mmoja mbele na mmoja nyuma, nayo hutokeza pande zote mbili. Miti hiyo huitwa mirengu. Katika ncha za mirengu hufungwa mbao mbili ndefu, moja kila upande, ziitwazo matengo, na mahali pengine ndubi. Mbao hizi hazilazwi bapa juu ya maji, bali huinamishwa kidogo, hata ngalawa ikienda kwa kasi, maji huusukuma ubao wa upande unaolemewa na kuuinua. Yafaa msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia: msaada wa matengo hutoka katika mwendo. Chombo kikisimama, msaada huo hupungua sana.

Vyombo vyenye matengo huonekana pia Komoro na Bukini, na kwa wingi katika visiwa vya Indonesia. Kwa sababu hiyo wachunguzi wengi wa mambo ya kale, miongoni mwao James Hornell aliyeandika juu yake mwaka 1934, wameona kwamba namna hii ya kuunda ilivuka bahari kutoka mashariki. Lakini tanga lake ni la namna nyingine. Mtepe wa kale, ulioshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulikuwa na tanga la mkeka lenye pembe nne. Tanga la ngalawa ni la pembe tatu, la kitambaa, nalo ni ndugu wa tanga la jahazi na la vyombo vya Waarabu. Zamani kitambaa chake kilikuwa marekani, nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Siku hizi huonekana pia matanga ya vitambaa vya viwandani visivyonywa maji, na hata ya magunia yaliyofumuliwa na kushonwa upya. Ukingo wa tanga hushonewa kamba nyembamba ili usichanike, nayo ndiyo dasi.

Tanga halifungwi juu ya mlingoti wenyewe. Hufungwa katika mti mrefu mwembamba uitwao foromali, na foromali ndiyo inayopandishwa mlingotini na kuning'inia kwa mshazari, ncha yake ya chini ikiwa karibu na omo, ncha yake ya juu ikielekea nyuma na kwenda juu kuliko mlingoti. Kamba ya kuipandisha ni henza. Katika majahazi makubwa henza hupita katika gofia, na chini yake huongezwa kamba nyingine za kuvutia, ziitwazo jarari, kwa kuwa foromali ya jahazi ni nzito mno. Katika ngalawa henza hupita katika tundu lililotobolewa juu ya mlingoti, au katika kapi dogo, kisha hushuka chini kwa nyuma na kufungwa upande upepo utokako. Hivyo kamba moja hufanya kazi mbili: hulishika tanga juu, tena huushika mlingoti usianguke upande wa pili. Mlingoti wa ngalawa hauna kamba nyingine ya kuutegemea mbele. Jambo hili nalo tutalirudia.

JOSHI NA DEMANI

Tanga lina pembe mbili za chini. Pembe ya mbele, iliyo karibu na omo, ni joshi, na wengine hutamka goshi. Pembe ya nyuma ndiyo penye kamba ya kulizuia tanga lisipepee ovyo, na kamba hiyo ni demani. Aivutaye demani hulileta tanga karibu na chombo na kulikaza. Ailegezaye huliacha lifunguke na kuumwaga upepo.

Kutokana na pembe hizi mbili zimetokea pande mbili za chombo. Upande upepo utokako huitwa upande wa joshi, na upande upepo uendako huitwa upande wa demani. Twaona hapa jambo la kuangaliwa. Sisi wa bara twazoea pande zisizogeuka, kulia na kushoto, kaskazini na kusini. Pande za baharia hugeuka pamoja na upepo. Ubao uliokuwa wa joshi asubuhi wakati wa kwenda utakuwa wa demani jioni wakati wa kurudi, ingawa ni ubao ule ule. Mtoto wa mvuvi hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma.

Maneno yote mawili yalikuja kwa njia ya mabaharia wa Ghuba. Katika Kiajemi, neno lililozaa demani lina maana ya upindo wa nguo, na lile lililozaa joshi lina maana ya sikio, au pembe. Basi tanga lilifananishwa na vazi: lina upindo nyuma na pembe mbele. Matamshi mawili, joshi na goshi, yaonyesha wazi njia ambayo neno lilipita, kwa maana Waajemi husema kwa g, na Waarabu wa baharini wakaigeuza kuwa j. Tena mwanafunzi asishangae akisikia kwamba demani ni wakati wa mwaka, yaani miezi ya mwisho wa kusi, tangu Agosti hata Novemba hivi, upepo unapokuwa wa upole. Maana hizo mbili zote ni za pwani, nazo hutofautishwa kwa maneno yanayozizunguka.

JINSI YA KUTWEKA MTU AKIWA PEKE YAKE

Kutweka ni kulipandisha tanga, na kutua ni kulishusha. Aliye na wenzake hutweka anavyotaka, kwa kuwa mmoja huvuta henza, mwingine huishika demani, na wa tatu hushika usukani. Aliye peke yake hana mikono mitatu. Kwa hiyo huanza kwa kuondoa kazi moja. Hukielekeza chombo omo upeponi, akikisimamisha kwa pondo au nanga ndogo ikiwa maji ni haba, ili tanga likipanda lipepee tu bila kushika upepo, na usukani usihitaji mtu.

Kuna hila nyingine iliyotoka katika majahazi, nayo yamfaa sana aliye peke yake. Kabla ya kutweka, tanga hukunjwa kandokando ya foromali na kufungwa hapa na pale kwa vifundo dhaifu vya ukindu au uzi wa makumbi. Foromali hupandishwa hivyo, tanga likiwa bado limelala. Mtu hufunga henza, hurudi tezi, huketi, hushika usukani. Na akiwa tayari kabisa huivuta demani kwa nguvu, navyo vile vifundo hukatika kimoja baada ya kimoja tangu chini hata juu, tanga likafunguka. Kwa njia hiyo upepo hauanzi kazi yake mpaka mtu ameanza yake.

Henza lazima ifungwe kwa fundo la kitanzi linalofumuka kwa mvuto mmoja. Mkia wake hupangwa kwa mizunguko mahali pakavu, wala haukanyagwi, haulazwi chini ya nyavu, wala hauwekewi dema juu yake. Aliyezoea huupapasa kwa mkono mara kwa mara bila kutazama, kusudi ajue kwamba upo na hauna kizuizi. Henza isiyoweza kufumuliwa upesi ni tanga lisiloweza kutuliwa.

DEMANI HAIFUNGWI

Hapa ndipo penye kiini cha elimu yote. Mwenye chombo kidogo haifungi demani. Huishika mkononi. Kanuni hii huambiwa kila kijana siku ya kwanza, na karibu kila kijana huivunja siku fulani, nami nilikuwa mmojawapo.

Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Tanga la meta mraba 12 katika upepo wa maili 10 za baharini kwa saa hupata msukumo wa kadiri ya uzito wa kilo 20, ambao mtu aweza kuupinga kwa kujisogeza kidogo juu ya mrengu wa joshi. Upepo ule ule ukipanda ghafula hata maili 20 kwa saa, msukumo huwa kama kilo 80, na hapo uzito wa mtu mmoja hautoshi tena. Chombo chenye watu watatu kina watu wawili wa kupanda mrenguni. Mwenye kuwa peke yake hana ila kitu kimoja cha kupunguza: upepo uliomo tangani. Na mlango wa kuutoa ni demani.

Mtu aweza kuuliza, Je, mkono utachoka lini? Ukishika kamba hiyo saa tatu, nne, bila kuifunga, utawezaje? Jibu ni mzunguko mmoja. Demani huzungushwa mara moja katika mrengu wa nyuma, kisha mkono hushika mkia wake. Kamba ikisuguana na mti, mti huchukua sehemu kubwa ya uzito. Wajuao hesabu za msuguano wataona kwamba, kamba ikishika mti kwa kadiri ya wastani, mzunguko mmoja hufanya mkono ubebe sehemu moja tu katika sita hivi. Lakini mizunguko miwili haifanyi sehemu moja katika kumi na mbili, bali moja katika arobaini na zaidi. Yaani mizunguko miwili ni karibu sawa na kufunga: mkono ukiachia, kamba haikimbii. Wavuvi hawakuhitaji hesabu hii. Wao husema tu kwamba mmoja hushika na mbili hunasa. Ukitazama mrengu wa nyuma wa ngalawa ya zamani utaona mfuo mmoja uliolika katika mti, laini kama ndani ya kinu.

Na mtu akitaka kukumba maji, au kula, au kufungua mshipi uliojitatanisha? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuielekeza omo karibu na upepo hata tanga lianze kupepea, ndipo afanye kazi yake kwa haraka, kisha aendelee. Ya pili ni kuukanyaga mkia wa demani kwa unyayo mtupu, baada ya ule mzunguko mmoja. Mguu ukiinuliwa kamba imekwisha kwenda. Viatu havifai, kwa sababu unyayo hauisikii kamba.

Mimi sikufanya hata moja ya hizo. Nilikuwa nimeazimwa ngalawa ndogo na mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha maneno haya, katika siku za kusi, nikaona maji yamejaa ngamani hata vifundo vya miguu. Nikaifunga demani katika mrengu, mafundo mawili mazuri, nikachukua upo nikainama kukumba. Upepo ulipokuja sikuuona, kwa kuwa nilikuwa nimeutazama mgongo wa chombo kwa ndani. Tengo la demani likazama, mwendo ukakatika, na mwendo ulipokatika hapakuwa na kitu cha kuliinua tena. Ngalawa ikalala. Maji yalikuwa ya kifua tu, nami sikuumia. Lakini kwa sababu yalikuwa haba mlingoti uligonga mchanga ukavunjika.

Mzee alikuja akitembea majini, akaishika kamba, akaitazama.

"Uliifunga?"

"Niliifunga, babu. Nilitaka kukumba maji."

"Maji ya ngamani yangekungoja, mjukuu wangu," akasema. "Upepo haungoji."

Hakuniambia neno jingine siku ile. Mlingoti nilimlipa. Siku nne alizokaa pwani bila kuvua, akitafuta mti mwingine ulionyoka na kuuchonga, sikuweza kumlipa, wala yeye hakunidai. Nimeandika haya ili msomaji afahamu kwamba kanuni isemayo demani haifungwi ina bei yake, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyeivunja.

KUPINDUA

Chombo kisichoweza kwenda moja kwa moja penye upepo hakina budi kwenda upande huu, kisha upande ule, kikipanda kidogo kidogo. Kwenda hivyo ni kubisha. Neno ni lile lile la kubisha mlango na kubisha maneno: mtu hupiga, hurudi, hupiga tena. Katika siku za kusi, upepo utokao kusini na mashariki huwaelekea wavuvi wa Jambiani usoni, basi wakienda mwambani hubisha, na wakirudi upepo uko nyuma.

Kugeuza chombo ili upepo uingie tangani kwa upande wa pili ni kupindua, na kuna njia mbili. Kupindua kwa joshi ni kuipitisha omo penye upepo. Njia hii ni fupi, wala chombo hakipotezi mahali pake. Lakini foromali hubaki upande ule ule wa mlingoti, hata tanga likalala juu ya mlingoti na kugawanyika. Kwa mwendo mfupi si neno, na ngalawa nyingi huenda hivyo. Hatari yake ni kwamba upepo ukiligonga tanga kwa mbele kwa nguvu, mlingoti husukumwa nyuma, na tumesema kwamba hauna kamba ya kuushika kwa mbele. Ndiyo maana majahazi, yenye milingoti mikubwa na foromali nzito, hayapendi kupindua hivi.

Njia ya pili ni kupindua kwa demani. Chombo hugeuzwa kwa kuukimbia upepo, mpaka upepo uwe nyuma kabisa. Demani hulegezwa yote, tanga likaruka mbele ya mlingoti kama bendera. Kisha ncha ya chini ya foromali huletwa mlingotini, hata foromali ikasimama wima. Hupitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Demani huzungushwa kwa mbele na kuletwa upande mpya. Henza huhamishwa ifungwe upande ambao sasa ndio wa joshi. Ndipo ncha ya foromali inarudishwa mbele na demani kuvutwa. Katika jahazi kazi hii hufanywa kwa kelele na nyimbo. Kwa mtu mmoja ni kazi nzito, na wakati wote huo chombo kinateremka na upepo. Asiye na nafasi ya bahari nyuma yake asiijaribu.

Kwa hiyo wengi wa hao waendao peke yao huifuata njia ya tatu isiyo na sifa. Hutua tanga lote. Huihamisha foromali kwa utulivu, tanga likiwa limelala chomboni, akikishika chombo kwa kafi, kisha hutweka upya. Vijana huwacheka. Lakini mtu huyo hupoteza muda wa kuvuta buruma moja, wala hapotezi kitu kingine.

UPEPO WA GHAFULA

Upepo mkali hutangaza kuja kwake kwa rangi. Maji ya upande wa joshi hugeuka kuwa meusi, tena yenye mikunjo midogo, na weusi huo hukimbia juu ya bahari. Aliye peke yake lazima awe na desturi ya kuyatazama maji ya joshi kuliko kulitazama tanga lake. Akiuona weusi, ana mambo matatu ya kufanya, na utaratibu wake haubadiliki.

Kwanza, legeza demani. Pili, elekeza omo upeponi. Tatu, tua tanga.

Kila moja lina sababu ya kuwa mahali pake. Akianza kwa kuelekeza omo huku demani imekazwa, chombo kitageuka kikiwa kimelemewa, na tengo la demani litazama. Akianza kwa kutua huku tanga limejaa, foromali haitashuka vema, kwa maana kitambaa kilichojaa upepo huikaza juu ya mlingoti. Na ikishuka, itaanguka majini upande wa demani, nalo tanga lililojaa maji ni nanga isiyotakiwa. Bali demani ikilegezwa, tanga hupepea. Omo ikielekezwa, tanga huja juu ya chombo. Na hapo henza ikiachiwa polepole, kwa mzunguko mmoja juu ya mrengu, mkono wa pili hulikusanya tanga likiingia ndani. Mtu hulala juu yake kwa tumbo, akalifunga. Ngalawa bila tanga hukaa juu ya maji kama bata, na upepo wa namna hii mara nyingi haukai.

MANENO YALIYOPANDA PWANI

Bishop Steere alipotoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, na Krapf kamusi yake mwaka 1882, na Johnson yake mwaka 1939, wote walikusanya maneno ya mabaharia kwa wingi. Walifanya vema, kwa kuwa lugha hii imejaa bahari hata pale ambapo msemaji hajapata kuiona. Mtu wa bara asemaye kwamba mambo yake yamekwenda mrama anatumia neno la kuyumba kwa chombo mawimbini. Asemaye kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani anakitaja chombo kizima, nyuma na mbele na chini, ingawa fikira zake ziko kwa mwana aliyeondoka nyumbani. Hata kutua ni neno la chombo na la mchukuzi pia: tanga hutuliwa, na mzigo hutuliwa kichwani. Kutweka na kutwika ni karibu kuwa ndugu. Mvuvi hulitwika gogo lake mzigo wa upepo, na kabla ya kufika huutua.

Lakini maneno yale yenyewe ya kazi yanaanza kuondoka. Mashine za kusukuma mashua zimeingia karibu kila bandari, nazo hazina joshi wala demani. Watoto wengi wa shule za pwani, ukiwaonyesha picha ya ngalawa na kuwauliza majina, watajibu kwamba hii ni kamba, na ile ni kamba, na ile nyingine pia ni kamba. Katika chombo hakuna kitu kinachoitwa kamba tu. Mzee akimwambia mwanawe, "Legeza demani," mtoto ajuaye neno hilo ameokoa chombo. Asiyelijua atafumua henza, na foromali itamwangukia kichwani. Tofauti ya maneno mawili katika kamusi ni mistari michache. Pale juu ya mrengu ni tofauti ya kurudi na kutorudi.

Basi wasomaji walio karibu na bahari wangefanya kazi ya maana kama wangewauliza wazee wa mahali pao majina ya kamba hizi, kwa maana Lamu, Mvita, Tanga, Bagamoyo na Kilwa hazisemi sawasawa katika yote, kisha wakayaandika pamoja na kazi ya kila moja. Yafaa kuuliza chomboni, si barazani. Barazani mzee atakutajia matatu au manne. Akiwa ameketi tezi, na upepo umeanza, atayataja yote bila kuulizwa, na mara nyingine kwa sauti kubwa.